Matundu Yasiyozibika

Mama Evelina aliponipigia simu nilikuwa darini katika nyumba moja ya Igogo, nikivuta waya. Niliona jina lake kwenye simu nikaiacha iite mpaka ikakata. Ilipoita mara ya pili nikashuka ngazi, nikakaa juu ya ndoo ya rangi iliyofudikizwa, nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nkwabi. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Siku nyingi."

"Ni nyingi kweli," alisema. "Nataka uje unipangie umeme wa gereji. Na taa. Na hewa pia."

Nilimwambia Nyegezi sasa ina mafundi wengi, vijana waliotoka chuoni na vyeti vyao, walio karibu naye kuliko mimi. Nikamtajia na jina la mmoja.

"Nimekuita wewe," alisema.

Nikamjibu kwamba nitafika Jumamosi. Nilipopanda tena ngazi nilikata waya mfupi mara mbili, kosa ambalo sikuwa nimelifanya tangu nikiwa mwanafunzi.

Mama Evelina ni mjane wa mzee Antoni. Mzee Antoni alikuwa Mkerewe, fundi mitambo wa kiwanda cha pamba kwa miaka thelathini, na alipostaafu alijenga gereji ubavuni mwa nyumba yake, kwenye ule mteremko wa Nyegezi unaoshuka ziwani. Gari hakuwa nalo. Aliiita gereji, lakini ilikuwa mahali pa mikono yake: pampu za maji za majirani, cherehani, feni zilizoungua, milango ya chuma. Umeme wa ile gereji niliufunga mimi. Alitaka jenereta ikae ndani, kwa kuwa jirani yake alikuwa ameibiwa ya kwake iliyokaa nje. Nikamwekea swichi ya kubadilisha umeme, chenjiova, ndani kabisa, pembeni mwa mlango, na jenereta tukaiweka kona ya nyuma.

Nilimwambia, "Mzee, ukiwasha hii, mlango uwe wazi."

Akacheka. "Nkwabi, mimi nimezeeka na mashine."

Basi, nikaishia hapo. Ukutani kulikuwa na matundu mawili aliyoyaacha mwashi, kila moja ukubwa wa tofali, upande wa ziwani. Niliyatazama nikaona ni madogo. Nikajiambia kwamba mimi ni fundi umeme, hewa ni kazi ya mwashi. Nikakusanya vyombo vyangu.

Mzee Antoni alifia humo miaka miwili baadaye, Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, alasiri. Umeme ulikuwa umekatika, akawasha jenereta ili amalizie kupulizia rangi kitanda cha mjukuu wake, na mlango akaufunga. Daktari alisema ni moshi wa jenereta. Askari wakaandika ajali. Nilikwenda msibani siku moja, nikakaa nyuma kabisa ya turubai, nikaondoka kabla ya chakula. Walipomvusha ziwa kwenda kumzika kisiwani Ukerewe sikwenda. Tangu hapo, kwa miaka miwili, kama kazi ilinipeleka Nyegezi, nilizunguka njia ya juu ili nisiipite ile nyumba.

Jumamosi nilimkuta Mama Evelina barazani akimenya maharage mabichi. Alikuwa amepungua mwili, lakini sauti ilikuwa ile ile. Aliniuliza habari za mke wangu na watoto, akaniletea maji ya kunywa, akangoja niyamalize. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo.

"Hapajafunguliwa sana," alisema. "Utavumilia vumbi."

Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta na ya mahali palipofungwa muda mrefu. Jenereta haikuwepo tena, lakini alama ya miguu yake ilikuwa bado sakafuni. Katikati kilisimama kile kitanda cha mtoto. Upande mmoja kilikuwa kimepakwa rangi ya buluu na upande mwingine kilikuwa chuma kitupu. Nilisogea nikaona kwamba ndani ya rangi iliyokauka walikuwa wamenasa wadudu wadogo, mamia yao, mabawa yamelala kana kwamba walichorwa na kalamu.

Anayekaa kando ya ziwa hili anawajua wale wadudu. Huinuka majini kama moshi wa nyika inayoungua, nguzo kwa nguzo, na upepo ukigeukia nchi kavu hujaa mji mzima. Hawaumi. Lakini huingia kila penye mwanga, na puani, na chunguni, na kwenye rangi mbichi.

"Walikuja siku hiyo," Mama Evelina alisema, akiwa amesimama mlangoni. "Ndiyo maana alifunga."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikatoa futi ya kupimia na daftari.

Alinieleza haja yake. Rose, binti yake wa mwisho, ni muuguzi katika hospitali moja ya Misungwi. Alikuwa amenunua gari dogo, maana zamu zake humtoa nyumbani mapema na kumrudisha amechoka. Gari lilikuwa linakaa nje. Rose alitaka gereji ibomolewe ijengwe nyingine upande wa barabarani, mama yake akakataa.

"Nikamwambia hapana, itengenezwe hii. Nyumba haibomolewi kwa sababu mtu amefia ndani yake. Tungebaki na nyumba ngapi?"

Nilipima. Mita sita kwa nne, na kimo cha kutosha. Alivuta kigoda akakaa karibu na mlango, na kila nilichokichora alikiuliza. Nimefanya kazi kwa wenye nyumba wengi; wengi huuliza itaisha lini. Yeye aliuliza kwa nini.

"Soketi hizi mbona umeziinua hivi?"

"Mvuke wa petroli ni mzito, mama. Unatambaa chini kama maji. Soketi ikiwa karibu na sakafu, cheche moja inatosha. Hizi zitakuwa juu ya kiuno."

"Na taa?"

"Taa nne ndefu, mbili kila upande wa gari. Taa moja ya katikati inamulika paa la gari tu, na mtu akifungua boneti anajizibia mwanga kwa kichwa chake. Zitakuwa za mwanga wa njano. Wadudu wa ziwani wanakimbilia zaidi mwanga mweupe. Huo mweupe tutauweka kwenye nguzo, kule mwisho wa uwanja, uwavute huko."

"Na umeme wa gereji ukiharibika, nyumba nayo inazima?"

"Hapana. Gereji itakuwa na laini yake kutoka meinswichi, na breka yake, na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Na waya wa ethi, ule wa ardhini, tutauchimbia upya. Ule wa zamani siuamini."

"Si ulifunga wewe?"

"Nilifunga mimi," nilisema.

Aliangalia daftari, kisha akasema, "Sasa hewa."

Nilimwonyesha nilivyofikiri. Feni ya kutoa hewa juu ya ukuta wa nyuma, iungwe kwenye swichi moja na taa, ili anayewasha taa awe amewasha na feni bila kukumbushwa. Jenereta, kama wataweka tena, iwe nje kabisa, katika kibanda cha nondo chenye kufuli, mbali na madirisha, na chenjiova ihamie huko huko. Mlango mdogo unaotoka gerejini kuingia jikoni ubane barabara, moshi wa gari usipenye ndani.

"Feni ni ya umeme," alisema. "Umeme ukikatika?"

"Ndiyo maana na matundu yatakuwepo. Hayo hayategemei kitu."

"Ninataka matundu ambayo mtu hawezi kuyaziba, Nkwabi." Alikuwa ameshika ncha ya kanga kwa mikono miwili. "Hata akitaka. Hata kama ameombwa na mtu anayempenda."

Niliinua macho. Yeye alikuwa anatazama nje.

Nilitoka kwenda kupima matundu ya zamani kwa upande wa ziwani. Kule jua hupiga kutwa, na lipu imegeuka rangi. Kuzunguka kila tundu niliona mstari mweusi, upana wa vidole viwili, umenyooka pande zote nne. Nikapitisha kidole. Ilikuwa gundi ya zamani iliyoshika vumbi. Tundu la pili lilikuwa hivyo hivyo. Kitu kilikuwa kimebandikwa pale kwa nje, kwa uangalifu, kona zote.

Mtu aliye ndani hawezi kubandika kitu kwa nje.

Nilisikia ndala zake zikija nyuma yangu. Alisimama kando, kanga imefunika mabega ingawa palikuwa na joto.

"Nilibandika mimi," alisema.

Nilibaki na futi mkononi.

"Alifunga mlango, wadudu wakaendelea kuingia kwa matundu haya. Akaniita kupitia hapa hapa, akasema mama Rose, alivyozoea kuniita, hebu lete maboksi na tepu uyazibe, rangi inaharibika. Nikayaziba. Nilikuwa nachelewa sala ya jumuiya, siku hiyo tulikuwa tunasali nyumbani kwa jirani yetu Tereza, kule juu. Nilimsikia akiwasha jenereta. Nikamwambia nakwenda, akasema nenda. Niliporudi baada ya saa mbili bado ilikuwa inanguruma."

Mbele yetu ziwa lilikuwa limetulia, na mitumbwi miwili ilikuwa imesimama palepale kana kwamba imetiwa nanga.

"Tulimkimbiza hospitali, na huko wakasema ameshakwenda. Niliporudi jioni nikazunguka huku. Matundu yalikuwa wazi. Hakuna boksi, hakuna tepu. Nikafikiri labda nimechanganyikiwa, labda sikubandika kabisa. Lakini gundi ilikuwepo. Sikumuuliza mtu. Ningeuliza nini?"

"Hata Rose hujamwambia?"

"Rose alikuwa mtoto wa baba yake," alisema.

Nilijua kwamba ilikuwa zamu yangu. Nikamweleza kuhusu chenjiova niliyoiweka ndani kwa sababu mzee alitaka, na jenereta kwenye kona, na jinsi nilivyoyaona matundu kuwa madogo nikaondoka na neno hilo moyoni. Nikamwambia kwamba hata kama yasingezibwa, moshi wa jenereta ile kwa saa mbili, mlango umefungwa, matofali mawili yasingetosha kuuondoa. Sikusema hivyo kumfariji. Nilikuwa nimelipigia hesabu jambo hilo kichwani mara nyingi, na jibu lilikuwa hilo kila mara.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulidhani nimekuita nikulaumu."

"Ndiyo, mama."

"Watu wote walikuja wakaniambia ni mapenzi ya Mungu. Wewe peke yako ulikaa nyuma, hukuniambia kitu, ukaondoka. Nikajiuliza, huyu anakimbia nini? Nikasema anayekimbia hivi anajua kitu kuhusu hewa."

Tulirudi ndani tukaendelea na mchoro. Sijui namna nyingine ya kueleza. Kulikuwa na kazi mbele yetu, tukaifanya. Nilimchorea matundu marefu, si ya tofali moja tena. Mawili chini, shubiri moja kutoka sakafuni, upande wa ziwani ambako upepo huanzia. Manne juu, chini ya bati, upande wa pili, ili hewa iingie chini na kutokea juu ikiwa imebeba uchafu wote. Yatajengwa kwa mapande ya zege yaliyolala mshazari, mvua isiingie. Na kwa nje na kwa ndani tutachomoza nondo zilizopinda kama vidole, ili boksi wala ubao usiweze kulala bapa juu yake.

"Wavu utaweka?" aliuliza.

"Wavu mwembamba ninauogopa. Wadudu wakija kwa wingi wanauziba wenyewe kwa miili yao. Nitaweka wa matundu makubwa, kwa ajili ya panya na nyoka. Wadudu wataingia, mama."

"Waingie. Wadudu wanafagiwa."

Tulikuwa hapo Rose alipofika. Tulisikia gari likizima nje, kisha akaingia, sare yake ya kazi imekunjamana, viatu mkononi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu kama baba yake. Alisimama kizingitini kwanza, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu.

"Shikamoo, fundi. Shikamoo, mama."

Tulimwitikia. Alichukua daftari, akalisoma akiwa amesimama, akauliza maswali mawili kuhusu taa, yote ya maana. Kisha akafika kwenye matundu.

"Sita? Marefu hivi? Wadudu wakija gari litajaa. Tungeweka vifuniko vya mbao, vyenye bawaba. Wakija tunafunga, wakiondoka tunafungua."

"Hapana," mama yake alisema.

"Mama, ni vifuniko tu."

"Nimesema hapana, Rose."

Rose alinigeukia apate msaada. Mimi nikatazama penseli yangu. Mama Evelina aliinuka kigodani, akashika kile kitanda cha mtoto kwa mkono mmoja, upande usio na rangi.

"Siku ile matundu yalizibwa," alisema. "Baba yako aliniomba, nikayaziba mimi kwa mikono yangu. Kwa maboksi na tepu. Kisha nikaenda kusali."

Nilidhani Rose atalia, au atauliza. Alifunga daftari taratibu na kuliweka juu ya meza ya kazi ya baba yake, akaliweka sawa na ukingo wa meza.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Niliyabandua mimi. Nilitoka kazini nikawakuta mnaondoka naye, gari limejaa, nikabaki nyumbani kungoja askari. Nilizunguka nyuma nikayaona. Tepu ilikuwa imekatwa kwa meno. Hapa nyumbani nani anakata tepu kwa meno zaidi yako? Nikasema wakifika wakaliona hili watakuuliza mambo mbele ya watu, na wewe hata jina lako ulikuwa hulikumbuki. Nikabandua yote nikayatia kwenye jiko la kuni."

Mama Evelina alikaa tena. Hakukitafuta kigoda kwa mkono, alikaa tu, na kwa bahati kilikuwepo.

"Miaka miwili," alisema.

"Miaka miwili nilingoja uniambie."

"Ungeniuliza."

"Ningeanzaje?" Sauti ya Rose ilikuwa chini. "Na sitakudanganya, mama, nilikuwa na hasira. Kuna miezi nilisema nina zamu nikalala Misungwi, na zamu sikuwa nayo. Nilijua hukukusudia. Nilijua, lakini nikikuona unatwanga, unaimba nyimbo zako za kanisa, nilikuwa nashindwa kukaa mezani."

"Nilikuwa naimba nisisikie," Mama Evelina alisema.

Nikaona kwamba nikinyamaza na mimi nitakuwa nimekimbia kwa mara ya pili. Nikamwambia Rose yale niliyomwambia mama yake kule nje, kuhusu swichi na kona na matundu madogo.

Alinitazama wakati wote nikisema. Nilipomaliza alisema, "Wewe ulipaswa kujua. Mama alikuwa anamsaidia mume wake. Baba alikuwa na haraka ya rangi yake. Wewe ulikuwa fundi."

"Ni kweli."

"Ungeweza kukataa kuiweka ndani."

"Ningeweza. Sikutaka kubishana na mzee aliyenizidi umri. Niliona aibu."

Mama yake alitaka kusema kitu, Rose akainua mkono kidogo, si kwa utovu wa adabu. "Mwache, mama. Amesema ukweli, na mimi nimesema wangu." Kisha akanirudishia daftari. "Basi chora. Chora vizuri safari hii."

Kazi ilichukua wiki mbili na siku tatu. Mwashi aliyetoboa kuta alilalamika juu ya nondo zile zilizopinda, akasema hajawahi kuona gereji yenye makucha. Mama Evelina akamletea chai na mihogo, akamwambia apinde nyingine zaidi. Waya zote nilizing'oa nikaanza upya, paipu mpya, breka mpya. Mahali pa chenjiova ya zamani nilipaziba kwa saruji mwenyewe, sikumwachia mwashi. Kitanda cha mtoto Rose alitaka kukikwangua na kukipaka upya, mama yake akasema kibaki kilivyo. Wakakihamishia chumbani kwa mama, na sasa kinabeba mablanketi.

Siku ya kukabidhi kazi niliweka gunia lenye unyevu ndani ya debe, nikalichoma katikati ya gereji, nikatoka nikafunga mlango, feni ikiwa imezimwa. Tulisimama uwanjani sisi watatu. Mwanzoni hakukuonekana kitu. Kisha moshi ukaanza kutoka chini ya bati, mwembamba, halafu mnene, matundu yote manne, ukipinda kuelekea barabarani. Nikahesabu dakika. Tulipofungua, ndani paliweza kukalika.

"Sasa mimi," Mama Evelina alisema.

"Wewe nini, mama?" Rose aliuliza.

"Nikae ndani, mfunge mlango."

"Hakuna haja. Fundi ameshapima."

"Fundi amepima moshi. Mimi nataka kupima roho yangu."

Aliingia na kigoda chake. Rose alinitazama, nami nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba hakuna hatari. Tulifunga mlango. Rose alisimama karibu nao, akiangalia saa yake ya kiuguzi iliyoning'inia kifuani kama anayehesabu mapigo ya mgonjwa. Kutoka ndani hatukusikia wimbo wala sala. Rose akasema, "Mama?" Sauti ikajibu, "Nipo." Baada ya muda akaita tena, na tena ikajibu hivyo hivyo. Ilikuwa karibu nusu saa. Mlango ulipofunguliwa kutoka ndani, uso wa Mama Evelina ulikuwa umelowa, lakini alikuwa anapumua vizuri.

"Inapita," alisema. "Nimeisikia hapa shingoni, wakati wote."

Rose alimshika mkono wakaenda barazani. Walikaa kwenye mkeka mmoja, na mimi nikafungasha vyombo vyangu. Siwezi kusema kwamba yaliisha siku hiyo. Miezi kadhaa baadaye nilipopita kubadilisha taa ya nguzoni, Mama Evelina aliniambia kuna siku Rose huja akala akaenda kulala bila neno, na kuna siku wanaongea juu ya mzee mpaka chai inapoa. "Lakini Misungwi halali tena," alisema. Wadudu nao walikuwa wamekuja mara mbili. Waliingia, gari likawa jeusi, wakafagia.

Mimi niliporudi nyumbani baada ya ile kazi nilichukua daftari jingine nikaandika, kwa kukumbuka, kila nyumba ambayo niliwahi kuweka jenereta ndani au kwenye stoo isiyo na hewa. Zilikuwa kumi na moja. Nikaanza kuzizungukia Jumapili baada ya misa.

Haikuwa rahisi. Mwenye nyumba mmoja alifikiri ninatafuta kazi, akanifungia geti. Mwingine, mama mmoja aitwaye Kashindye, alihamisha jenereta yake siku hiyo hiyo, akanifukuza kwa hasira, akisema kwamba fundi aliyewahatarisha wanawe asikutwe hapo na mumewe. Mabatini nilikwenda kwa Naushad, mwenye duka la vitambaa. Jenereta yake ilikuwa kwenye stoo ya nyuma, chini ya ngazi inayopanda wanakolala.

"Miaka sita inafanya kazi," aliniambia, akiendelea kukunja kitambaa. "Hakuna aliyeumwa hata kichwa."

Nikamsimulia habari za Nyegezi. Sikutaja jina la mzee wala la mjane wake, lakini la kwangu sikulificha. Nilimweleza nilichokiona, nilichokisema na nilichokiacha. Alipofika mwisho wa kitambaa hakuchukua kingine. Akatoka mlangoni mwa duka, akamwita mkewe, Sana, aliyekuwa juu, "Sana, shuka kidogo." Mkewe akashuka, akifuta mikono yenye unga. Naushad akanivutia stuli.

"Mweleze na yeye," alisema. "Ndiye anayeiwasha."

Nikaanza tena kutoka mwanzo. Wiki ile tuliitoa jenereta tukaipeleka uani, kwenye kibanda cha nondo.

Kati ya zile nyumba kumi na moja, jenereta za tisa zimeshahamishwa nje. Kwa yule aliyenifungia geti nimemwachia mlinzi wake barua, na nitarudi. Ya mwisho ilikuwa Igogo, nyumba ya mtu aliyeiuza akahamia Geita, na waliopo sasa ni wapangaji ambao hubadilika kila miezi. Nimekwenda mara tatu nikakuta kufuli. Jumapili hii, Mungu akipenda, nitakwenda tena.